Sikio la Tembo Dodoma: Soma Dalili Kabla ya Kushika Ndoo ya Maji

Sikio la tembo ni ndugu wa gimbi, ila hupandwa kwa ajili ya majani yake. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki: kivuli, joto la nyuzi 20 hadi 30, hewa yenye unyevu mwaka mzima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Mmea huu hapa unaishi ugenini. Unastawi vizuri tu, lakini kila anayeufuga hukutana na majani yaliyoungua, kukunjamana au kugeuka njano.

Mimea mingi ya aina hii mjini hufa kwa maji, si kwa kiu. Mtu anaona jani limekauka ukingoni, anamwaga ndoo. Jani linaendelea kukauka, anaongeza. Hewa kavu haitibiwi kwa kulowesha mizizi, na mizizi ikishaoza, jani hukauka vilevile kama lililokosa maji. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza na swali la kutofautisha sababu.

Kwanza, je, ni sikio la tembo kweli?

Wauzaji wa miche huita mimea miwili kwa jina hilo moja: Alocasia, ambayo ndiyo sikio la tembo tunalolizungumzia hapa, na gimbi la mapambo, yaani Colocasia. Matunzo yake hayafanani. Dondosha tone la maji juu ya jani. Kwenye gimbi, tone hujikunja kuwa duara na kuteleza bila kulowesha. Kwenye Alocasia kubwa, maji hutandaa na kushika, na jani lenyewe hung'aa. Tazama pia ncha: majani ya Alocasia kubwa huelekeza ncha juu au pembeni, ya gimbi hulenga chini.

Gimbi huvumilia kusimama kwenye tope. Alocasia haivumilii. Kama mmea wako ni gimbi, sehemu ya kuoza mizizi hapa chini haikuhusu sana, yanayobaki yanakuhusu.

Kingo na ncha za majani zimekuwa kahawia na kukatika kama karatasi

Hili ndilo lalamiko kubwa la Dodoma, na lina sababu nne ambazo macho yakizoea huzitofautisha bila shida.

Chumvi ndiyo ya kwanza kushuku. Maji mengi ya mji hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe na vile vya mitaani, na yana madini. Ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi wa kutosha. Mmea hunywa maji, jua hukausha mengine, chumvi inabaki kwenye udongo. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi mingi, mzizi hushindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa na unyevu. Dalili yake: ncha hufa kwanza, kisha ukingo, ikianzia kwenye majani ya zamani, na kati ya sehemu iliyokufa na ile ya kijani kuna mstari mwembamba wa njano. Juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu utaona unga mweupe.

Tiba ni kuisukuma chumvi itoke chini. Kwangua sentimita 2 za juu za udongo uzitupe. Asubuhi ya siku ya joto, toa sahani ya chini, kisha mimina taratibu maji mara tatu ya ujazo wa chungu. Kwa ndoo ya lita 10 maana yake ni lita 30: mimina 10, subiri robo saa, mimina 10 nyingine, na za mwisho ziwe maji ya mvua kama unayo. Hata maji ya kisima yanasaidia, kwa sababu chumvi iliyokusanyika kwenye udongo ni kali kuliko ile iliyomo kwenye maji. Rudia kila baada ya wiki 4 hadi 6 wakati wa kiangazi. Usifanye hivyo Juni na Julai, wala kwa mmea unaoshuku kuwa umeoza mizizi.

Kuna imani kuwa maji yakilala kwenye ndoo usiku mmoja huwa yamesafika. Kinachopungua hapo ni klorini, si chumvi. Kuchemsha hutoa sehemu ya chokaa, lakini chumvi nyingine hubaki na kukolea zaidi. Maji salama kabisa ni ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati (mvua ya kwanza iachie ioshe vumbi, kinga ya pili) au yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi. Simtanki la lita 500 likijaa Machi linatosha kumalizia kila usafishaji wa mimea michache hadi mvua zirudi.

Upepo una sura nyingine. Majani yanachanika kufuata mishipa, na uharibifu uko upande mmoja wa mmea, kwa kawaida mashariki au kusini-mashariki, unakotoka upepo wetu wa kiangazi. Jani la nusu mita ni tanga. Kikonyo kikipigwa mchana kutwa hupinda, na mishipa ya ndani ikikatika jani hukauka hata kama halikuvunjika. Hamishia mmea nyuma ya ukuta au uzio upande wa magharibi wa nyumba. Lakini hapo utakutana na jua la saa nane hadi saa kumi na moja, kwa hiyo weka neti ya kivuli ya asilimia 50 hadi 70 au tafuta kivuli cha mwarobaini. Ukilazimika kuchagua kati ya upepo na jua la asubuhi, chagua jua la asubuhi.

Hewa kavu pekee hushika majani yote kwa usawa, na jani jipya hutoka tayari lina ukingo wa kahawia. Kupuliza maji kwa chupa husaidia kwa dakika chache tu, na maji ya kisima huacha madoa meupe ya chokaa. Kusanya mimea mitano au sita ikae karibu karibu, majani yakikaribia kugusana, juu ya ardhi au kokoto unayoilowesha saa tano asubuhi na saa nane mchana. Unyevu unaopanda kutoka chini ukikutana na majani mengi pamoja hukaa zaidi. Ndani ya nyumba, uondoe mmea mbele ya feni na kiyoyozi kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Mbolea ndiyo ya nne, na hujulikana kwa kalenda: kingo zinaungua ghafla ndani ya siku chache baada ya kuweka urea, samadi mbichi au kinyesi cha kuku. Osha udongo kwa utaratibu ule ule wa chumvi, kisha usiweke mbolea kwa miezi miwili.

Sehemu iliyokauka hairudi kuwa ya kijani, kwa sababu yoyote ile. Kipimo cha kupona ni jani linalofuata.

Mmea umenyauka ilhali udongo umelowa

Hapa usingoje. Ingiza kidole sentimita 5. Kama udongo ni mkavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, na jioni majani yatakuwa yamesimama. Kama udongo umelowa na vikonyo vinalegea kuanzia shinani, mizizi inaoza. Mara nyingi chanzo ni udongo wenyewe: udongo mwekundu wa uwanjani ukijazwa kwenye ndoo hushikamana ukawa kama tofali, na udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi. Maji hubaki, hewa haiingii, na mzizi usiopata hewa hufa kabla hata ukungu haujaufikia.

1. Ng'oa mmea wote na uoshe mizizi kwenye ndoo. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia, una harufu, na ukiuvuta ngozi inavuka na kubaki uzi.
2. Kata vyote vilivyooza kwa kisu kilichochovywa kwenye jiki (sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji). Bonyeza kiazi cha chini. Penye ulaini kata hadi ufikie nyama nyeupe isiyo na doa.
3. Paka unga wa mkaa au dawa ya ukungu yenye kopa kwenye majeraha, kisha acha kiazi kivulini siku 1 hadi 2 kikauke.
4. Punguza majani, bakiza moja au mawili madogo. Mizizi michache haiwezi kulisha majani makubwa manne.
5. Panda kwenye chungu kidogo kuliko cha awali, kinachozidi mizizi kwa sentimita 3 tu kila upande. Chungu kikubwa hubeba maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa.
6. Lowesha mara moja kidogo, kisha subiri hadi sentimita 3 za juu zikauke.

Mchanganyiko unaofaa kwa vifaa vinavyopatikana hapa: debe 2 za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au maganda ya mpunga yaliyooza (Bahi yapo tele), debe 1 ya chenga za mkaa zenye ukubwa wa njegere, debe 1 ya mchanga mkubwa wa korongo uliooshwa, na debe 1 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza miezi sita na kuchekechwa. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara tatu, kwani mengi hutoka pwani na huja na chumvi. Usitumie udongo uliotoka kwenye bustani ya nyanya. Unaweza kubeba minyoo fundo, na uvimbe kwenye mizizi utauona baadaye ukidhani ni kitu kingine.

Toboa matundu 5 au 6 yenye upana wa kidole kidogo chini ya ndoo. Tundu moja katikati huziba. Vyungu vipya vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara vijaze maji na kuvimwaga kila siku kwa wiki mbili kabla ya kupanda, la sivyo chokaa yake italeta tatizo la njano linalofuata.

Majani yanageuka njano

Jani moja la chini kabisa likigeuka njano wakati jipya linafunguka juu, acha. Alocasia kwenye chungu hubeba majani matatu hadi matano, na hulitoa la zamani ili kulisha jipya. Likate likishanyong'onyea lenyewe.

Majani mawili matatu kwa wakati mmoja, pamoja na udongo wenye maji, ni kuoza, rudi juu.

Majani ya zamani yote yakipauka kwa usawa huku jipya likiwa dogo, ni njaa ya naitrojeni. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 (gramu 5 hivi) kwenye lita 5 za maji, mwagilia kwenye udongo ambao tayari una unyevu, rudia kila wiki 3 au 4 kuanzia Septemba hadi Aprili. Chembechembe kavu usizirundike karibu na shina.

Jani jipya likitoka njano huku mishipa ikibaki kijani, mbolea hiyo haitasaidia. Hapo kinachokosekana ni chuma, na mara nyingi chuma kimo kwenye udongo ila chokaa ya maji au ya chungu cha saruji imekifungia. Puliza kelati ya chuma (chuma kilichoandaliwa ili mmea uweze kukinywa) kwenye majani jioni kwa kipimo cha pakiti, kisha hamia maji ya mvua kadiri uwezavyo. Kuzika misumari yenye kutu kwenye chungu, jambo linaloshauriwa sana, hakuleti kitu kwenye udongo wenye chokaa: kutu ile mmea hauwezi kuinywa.

Jani limepauka kwa vidoa vidogo, kama vumbi lisilofutika

Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Kama kijani kinarudi, lilikuwa vumbi la mtaani, na ni vizuri umelifuta, kwa kuwa jani lenye vumbi hupata mwanga kidogo. Pangusa kila wiki wakati wa kiangazi.

Kama vidoa vimebaki, shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge. Nukta zinazotembea ni utitiri mwekundu, walewale wanaosumbua nyanya. Kwenye makutano ya kikonyo na jani utaona utando mwembamba. Kiangazi cha Dodoma ndicho wanachokipenda: joto na ukavu huwafanya wamalize kizazi kizima kwa takribani wiki moja, ndiyo maana mmea uliokuwa safi mwanzoni mwa Septemba unaweza kuwa wa kijivu mwishoni mwake.

Tenga mmea. Kata jani lililoshambuliwa zaidi, lifunge kwenye mfuko kabla ya kulitoa. Osha majani yanayobaki kwa maji yenye nguvu kidogo, hasa upande wa chini, kisha puliza mchanganyiko huu: lita 1 ya maji, mililita 5 za mafuta ya mwarobaini, mililita 2 za sabuni ya maji. Tikisa mara kwa mara, maana mafuta hupanda juu. Puliza jua likishazama. Mafuta juu ya jani kwenye jua huliunguza. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, ina chumvi na kemikali zinazochoma jani.

Mara moja haitoshi, kwa sababu si mayai yote yanayokufa. Rudia kila siku ya nne, angalau mara nne, hata kama baada ya mara ya pili hakuna unachokiona. Wengi hukatia hapo, na wiki mbili baadaye wanasema dawa ni feki. Jihadhari pia na dawa za kawaida za kuua wadudu wa mboga: nyingi haziui utitiri, lakini huua wadudu wanaomla, na tatizo huongezeka. Kama lazima dawa ya dukani, muulize muuzaji ya utitiri, iwe na abamektini, na ufuate lebo.

Pamba nyeupe kwenye mapindo ya vikonyo ni vidung'ata. Wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti, kisha endelea na dawa ya mwarobaini kwa ratiba hiyohiyo. Kagua na mizizi. Huwa wanajificha huko. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, fuata njia yao: wanalinda vidung'ata kwa ajili ya utamu wanaotoa, na bila kuwazuia sisimizi utafuta pamba kila wiki.

Mikwaruzo ya rangi ya fedha yenye nukta nyeusi ni thripsi, wadudu wadogo wembamba. Dawa ni hiyohiyo.

Mabaka meupe au ya kahawia katikati ya jani

Yakiwa upande uliokabili jua, yakatokea siku mbili tatu baada ya kuhamisha mmea, ni kuungua. Jani lililokua ndani halina ulinzi wa jua la Dodoma. Uzoeshe kwa wiki tatu: saa moja ya jua la asubuhi kwa siku wiki ya kwanza, mbili wiki ya pili, tatu ya mwisho. Baada ya saa nne asubuhi uwe kivulini.

Yakiwa kama madoa yaliyolowa maji yenye duara la njano, na ni Januari hadi Machi, ni bakteria au ukungu wa mvua. Kata jani, chovya kisu kwenye jiki kila ukatapo, tenganisha vyungu. Ndio msimu pekee ambao ushauri wa kukusanya mimea unageuka.

Vikonyo virefu, majani madogo, mmea unaegemea

Mwanga hautoshi. Sogeza uwe mita 1 hadi 2 kutoka dirisha kubwa, uzungushe robo kila wiki. Vikonyo vilivyorefuka havitafupika.

Jani jipya limekwama na haliwezi kufunguka

Hewa kavu, au utitiri ndani ya mkunjo. Usilifungue kwa vidole, litachanika. Lizungushie kitambaa chenye maji ya mvua usiku mmoja, na asubuhi angalia kwa makini kama kuna wadudu.

Juni umefika, majani yote yamedondoka

Usiutupe. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na Alocasia ikibaki chini ya nyuzi 15 kwa muda husimama kukua. Baadhi, hasa zile ndogo zenye mishipa meupe, hupukutisha kila jani. Bonyeza kiazi. Kikiwa kigumu, kimelala. Kikiwa laini na kinanuka, kimekufa, lakini chimbua pembeni: mara nyingi kuna vitoto vya ukubwa wa karanga ambavyo bado ni vizima. Uvipande kwenye chenga za mkaa na makumbi, ncha juu, ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali penye joto.

Chungu kilicholala kiingize ndani, mbali na sakafu ya saruji yenye baridi, na kipe nusu kikombe cha maji kila baada ya siku 10 hadi 14, kiasi tu kiazi kisinyauke. Mbolea hapana. Kadiri joto linavyorudi Agosti na Septemba ncha itachomoza. Hapo ndipo unaongeza maji kidogo kidogo, na mbolea inasubiri hadi jani la pili.

Matone kwenye ncha za majani asubuhi

Si ugonjwa. Mmea hutoa usiku maji yaliyozidi. Yakiwa kila siku, punguza kumwagilia.

Mikono inawasha baada ya kukata

Utomvu una fuwele kama sindano za kalisiamu oksalati, zilezile zinazofanya gimbi bichi kuwasha mdomo. Vaa glavu, na usiguse macho. Ukiguswa, osha kwa sabuni na maji mengi. Mtoto akitafuna jani, mfute mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na akivimba ulimi au kushindwa kumeza apelekwe hospitali mara moja. Majani unayokata usiwatupie mbuzi. Yafukie kwenye shimo la mboji.